Mashimo Manne kwenye Mstari wa Kijani

Grafu yangu ya kwanza kwenye wavuti ilimwondolea mtu mmoja kilo mia moja na sita kwa juma moja. Ikamwacha Jumapili nne bila uzito wowote, kisha Jumapili ya tano ikamrudishia kilo mia moja na nne zote kwa mkupuo. Mtu mwenyewe alikuwa mwimbishaji wa klabu yetu ya kukimbia, na aliiona grafu hiyo kabla yangu. Nilikuwa bado navua viatu kibarazani kwangu, mtaa wa Mutanga Nord, Bujumbura, simu ikalia.

"Mwalimu," akasema, kwa utulivu wa mtu anayeulizia saa ya basi, "mi nilikufa lini?"

Nikamwambia hakufa. Akasema grafu inasema alikufa, tena mwezi mzima, na kwamba mke wake ameshaiona na anataka kujua ni nani basi aliyekuwa akila chakula chake siku zote hizo.

Klabu yetu ina watu kumi na wawili. Tunakimbia Jumapili alfajiri, kabla ya misa, na tunakimbia tukiimba, kama klabu nyingi za mji huu. Mmoja anaita, wengine wanaitika, na miguu inaifuata sauti. Anayeita ni huyu mzee, karani mstaafu, mfupi, mpana, mwenye sauti inayoweza kumtoa mtu kitandani mitaa miwili mbele. Akiwa hayupo tunakimbia kama kondoo waliotoka zizini kwa milango tofauti. Nimejaribu kumhesabia hatua kwa saa ya simu. Yeye na simu hawakupishana hata hatua moja kwa dakika nzima, na nadhani simu ndiyo iliyokuwa ikimfuata.

Mara moja kwa mwaka tunapanda Kiriri, mtaa wa mlimani juu ya mji. Barabara inapinda kati ya kuta za majumba makubwa, walinzi wanatoka getini kututazama, na ukifika juu unaliona ziwa lote na milima ya Kongo ng'ambo. Mwaka uliotangulia, kwenye kona ya tatu, mwimbishaji wetu aliita mstari wa wimbo, tukaitika, tukasubiri mstari unaofuata, haukuja. Tulipogeuka tukamkuta amekaa ukingoni mwa barabara, midomo imekuwa ya kijivu. Alipona, lakini muuguzi wetu hakusahau. Ni mwanamke wa makamo anayefanya kazi hospitali moja ya Kamenge, mwembamba, mkimya, na wote tunamwita Madamu. Ndiye aliyeleta mizani ya kupimia kila Jumapili baada ya mbio, na ndiye aliyeweka sheria: atakayeonekana uzito wake unapanda kwa mwezi unaotangulia Kiriri, hapandi. Atabaki chini kulinda mabegi.

Zilikuwa zimebaki siku saba. Na huyu mzee, aliyekuwa ameimbisha Kiriri kila mwaka tangu klabu ianze, alikuwa na Jumapili nne ambazo hakupimwa. Uamuzi ungetoka Alhamisi, na ungetoka kwenye grafu yangu.

Acha nieleze kosa langu, kwa sababu ni kosa zuri na karibu kila mtu hulifanya mara ya kwanza. Mimi nafundisha informatiki, yaani mambo ya kompyuta, sekondari. Hapo nyuma Madamu alikuwa akiandika kilo kwenye daftari, na mtu asipopimwa alichora kistari kidogo. Mimi nikahamishia yote kwenye hifadhidata, ili kila mtu aone mstari wake kwenye simu, mistari kumi na miwili, kila mmoja na rangi yake. Wa mzee ulikuwa wa kijani. Pale penye kistari sikuandika kitu, nikapaacha patupu. Hifadhidata inajua vizuri sana maana ya patupu. Lakini programu yangu ya kuchora ilitarajia namba, na ilipokuta hakuna kitu ikafanya anachofanya mtumishi mwoga mbele ya bosi: ikatoa jibu lolote ili isikae kimya. Ikasema sifuri.

Matokeo yake grafu nzima ilijipanga kuanzia sifuri. Watu kumi na mmoja walibanwa kule juu kama nyuzi za kanda ya kitambaa, huwezi kumjua nani ni nani, na mstari wa kijani ukashuka kutoka mia na sita mpaka sakafuni, ukatambaa, ukapanda tena.

Nilimweleza mzee kwa mfano wa mezani, maana mifano ya mezani huwa anaielewa haraka. Nikamwambia, fikiria umealikwa kwenye sherehe. Sahani yako ikiwa mbele yako haina kitu, hiyo ni sifuri: tumeangalia, tumeona, hakuna chakula. Lakini kama sahani haijaletwa kabisa, hatuwezi kusema haina kitu. Hatujui. Labda iko jikoni na ina samaki mzima.

Akafikiri. Kisha akasema kwamba katika sherehe za siku hizi sahani isiyoletwa ndiyo inayomtia wasiwasi zaidi. Nikamwambia ameelewa kabisa.

Jumatatu nikasahihisha. Nikaiambia programu: ukikuta patupu, usiandike sifuri, paruke tu, na wala usiinue kalamu. Ikatii. Kalamu ikatoka mia na sita, ikapita juu ya zile Jumapili nne bila kugusa chini, ikatua mia na nne. Mstari mzuri, ulionyooka, unateremka polepole. Mzee alipouona alifurahi sana. Aliniambia kwamba alijua tangu mwanzo kuwa tarakilishi ni kitu chenye haki, na akaanza kunitajia nyimbo atakazoimbisha Kiriri na kwenye kona ipi.

Mke wake hakufurahi. Alinisimamisha jioni ile nje ya duka la mkate, akatoa simu kwenye mkunjo wa kitenge, akaupitisha ukucha juu ya mstari wa kijani.

"Mwalimu, uyu mutu ni mi namupikia," akasema. "Mu ule mwezi tulikuwa na mahari mbili na ubatizo. Huu mustari unapita juu yao kama ndege. Hakutua hata kwa wali?"

Mstari ulionyooka kati ya nukta mbili unasema jambo moja kwa sauti kubwa: katikati hakukutokea kitu. Na mimi ndiye niliyeuchora, wala sikuwa nimeenda kwenye hizo sherehe kuhakikisha. Kwa kweli nilikuwa nimeenda kwenye moja, lakini nilikuwa nimekaa mbali naye, karibu na brosheti, mishikaki ya huku kwetu.

Madamu naye aliuona, na aliniambia kwa upole ule unaomfanya mtu aombe msamaha kabla hajajua kosa:

"Mi siwezi kumupandisha mutu mulima juu ya mustari yenye hakuna mutu alipima."

Hapo nikapata wazo ambalo kila mwaka nawaonya wanafunzi wangu wasilipate. Nikajaza mashimo kwa wastani. Kila Jumapili aliyokosekana, nikampa mzee wastani wa uzito wa klabu siku ile, kilo sabini na nne hivi. Kwa dakika kama ishirini, Jumanne saa sita mchana, mwimbishaji wetu alikuwa na umbo la kila mtu isipokuwa lake. Alinipigia mwenyewe, akaniambia amejaribu kuvaa suruali aliyofungia ndoa na imegoma magotini, kwa hiyo pengine niangalie tena hesabu. Nikaifuta.

Likabaki jambo la uaminifu. Nikaiambia programu: ukikuta patupu, inua kalamu. Usichore kitu mpaka ukute namba nyingine. Mstari wa kijani ukakatika. Nukta kadhaa, kisha uwazi mpana wa mwezi mzima, kisha nukta moja peke yake mwishoni, kama mtu aliyeachwa na basi.

Sitaficha kwamba mstari wangu nao ulikatika, mara tatu. Kuna Jumapili tatu ambazo nilisoma kilo zangu kwenye mizani, nikaona siku hiyo haifai, nikasahau kuziingiza kwenye hifadhidata. Lakini tangu mwanzo mstari wangu nilikuwa nimeupa rangi ya manjano hafifu, na manjano hafifu kwenye kioo cha simu, kwenye jua la Bujumbura, haionekani. Hakuna aliyeuliza.

Wa mzee uliulizwa na kila mtu. Kikundi chetu cha simu kilijaa vicheko. Mmoja alisema mzee amevuka mto, mwingine akasema amekwenda kutafuta visa. Jioni yule mwenye mstari akaja nyumbani kwangu, akakaa, akakataa fanta, jambo ambalo halijawahi kutokea. Akaweka simu mezani kati yetu.

"Ukiweka sifuri, nimekufa," akasema. "Ukiunganisha, mama watoto anasema nadanganya. Sasa umeacha shimo. Mwalimu, mu ule shimo kila mutu ataweka mbuzi yake mwenyewe."

Nimesoma vitabu vizito kuhusu data inayokosekana, na sijakuta mahali paliposema vizuri zaidi ya hapo. Shimo kwenye grafu halibaki tupu. Anayetazama hulijaza kwa kile alichokuwa akikifikiri tayari, na juu ya mzee wetu kila mtu alikuwa akifikiri mbuzi wa kuchoma.

Nikamwuliza swali ambalo ningepaswa kumwuliza Jumapili, kabla ya kugusa programu. Nikamwuliza kwa nini hakupimwa.

Akatazama miguu yake. Akaniuliza kama nakumbuka mara ya mwisho alipopanda mizani, ile siku ya mia na sita. Nilikumbuka nusu. Akanikumbusha nusu ya pili. Madamu alikuwa amesoma namba kwa sauti ya chini, mtu mmoja nyuma akaisikia, na kwa kuwa mzee mwenyewe ametufundisha kuimba kila kitu kinachopita mbele yetu, magari, mvua, mbwa, basi tuliuimba uzito wake. Tulitumia wimbo wake mwenyewe. Mmoja akaita, muzee ni ngapi, kumi tukaitika, mia na sita. Tuliimba kutoka kwenye mizani mpaka mlangoni kwake. Watoto wa mtaa wakaushika. Kwa siku tatu, akitoka kununua mkate, anasikia namba yake ikiimbwa nyuma ya ukuta, tena, aliongeza, kwa mwito ulio sahihi kabisa.

"Na sauti ya pili ilikuwa yako," akaniambia.

Ilikuwa yangu. Nina sauti ya pili nzuri.

Sasa nilijua kwa nini kulikuwa na mashimo, na nikaona aibu. Nilitaka kumwambia tu kwamba nitazungumza na Madamu, lakini yeye alikuwa hajamaliza. Akasema kwamba hakuacha kupimwa. Aliacha kupimwa mbele yetu. Kila Jumanne alikuwa akipanda basi dogo mpaka Kamenge, kwa muuza viazi mmoja anayemfahamu tangu zamani, na anapanda kwenye mizani ya magunia. Pale, alisema, hakuna anayeimba.

Jumatano tulikwenda pamoja. Muuza viazi alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe iliyopakwa vumbi la viazi, na hakuonekana kushangaa hata kidogo kwamba mwalimu amekuja kuomba kumwona mtu kwenye daftari la viazi. Alilamba kidole, akafunua kurasa. Kila gunia lililopita kwenye mizani yake lilikuwa na siku na kilo. Gunia, tisini na nane. Gunia, mia. Gunia, tisini na tisa. Muzee, mia na sita. Gunia, mia na moja. Juma lililofuata, muzee, mia na saba. Kisha mia na sita. Kisha mia na tano.

Nikauliza, kwa adabu, kama mizani ile ni ya kuaminika.

"Wallahi, hii mizani haimujui mutu," akasema muuza viazi. "Kiazi ni kiazi, muzee ni muzee. Mi naandika chenye kinasema."

Nikamwomba mzee apande hapohapo, na mimi baada yake, ili nilinganishe na mizani ya Madamu. Yeye alitoka mia na nne, sawasawa na Jumapili. Mimi nilitoka namba ambayo muuza viazi aliiandika chini ya gunia moja dogo. Mizani haikuwa na hitilafu.

Tulipokuwa tunarudi nikamweleza mzee kwamba ile mia na saba itaonekana. Ilikuwa ya juma la mahari mbili, na itasimama katikati ya mstari kama kichuguu. Nikamwambia ni daftari lake na ni mwili wake, anaweza kuchagua. Alifikiri mpaka basi lilipopita kituo kimoja na kingine. Kisha akasema niiweke, kwa sababu mama watoto alikuwepo kwenye mahari zote mbili.

Nikaziingiza Jumanne zote nne, nikafungua ukurasa kwa furaha, na watu wengine kumi na mmoja walikuwa wamevunjika vipandevipande. Hakukuwa na mistari tena. Kulikuwa na nukta, kama mvua iliyoanza kunyesha kwenye sakafu ya saruji. Simu zikaanza kuingia. Mmoja aliuliza kwa huzuni kama amefukuzwa klabu.

Lilikuwa kosa la pili, na hili nalipenda kuliko la kwanza. Grafu yangu ilikuwa na orodha moja ya siku kwa watu wote. Nilipoongeza Jumanne za mzee, ikawauliza na wale kumi na mmoja: na ninyi Jumanne mlikuwa na kilo ngapi? Hawakuwa na jibu, kwa sababu Jumanne walikuwa kazini, hakuna aliyewatarajia kwenye mizani yoyote. Grafu ikaona patupu, ikainua kalamu, kama nilivyoiagiza. Kila Jumapili ikatengwa na jirani yake na Jumanne isiyokuwa ya mtu.

Kwa hiyo kuna patupu mbili, na hapo ndipo wengi hukwama, usijilaumu ukikwama. Kuna siku ambayo hukutarajiwa, na kuna siku uliyotarajiwa lakini hukuja. Ya kwanza si shimo, ni siku ya kawaida ya maisha, kalamu ipite tu. Ya pili ni shimo la kweli, na kalamu iinuliwe. Nikampa kila mtu kalenda yake, nikazipanga siku zote juu ya mstari wa muda ulio wa haki, siku moja upana mmoja. Kisha nikaandika sheria fupi: kati ya kipimo na kipimo zikipita siku zaidi ya kumi, acha wazi, zikiwa pungufu, unganisha. Watu kumi na mmoja wakaungana tena. Na wa kijani ukatoka Jumapili ya mia na sita, ukapita kwenye Jumanne zake nne, na kichuguu chake, ukashuka mpaka mia na nne bila kukatika.

Alhamisi tulimsubiri Madamu nje ya hospitali, mimi na mzee, kama wanafunzi wawili walioitwa na mkuu wa shule. Alitoka na vazi lake jeupe mkononi, akachukua simu yangu, akaukuza mstari kwa vidole viwili. Mzee hakusema neno, na kwake hiyo ni kazi ngumu kuliko mlima wowote. Madamu akasimamisha kidole juu ya kichuguu.

"Hii mia na saba ni ya nini?"

"Mahari," akasema mzee. "Mbili."

Akaendelea kutazama. Kisha akasema kwamba kama kichuguu kile kisingekuwepo angekataa, kwa sababu katika miaka yake yote ya kazi hajamwona mtu wa mji huu akitoka kwenye mahari mbili akiwa amepungua. Akampima shinikizo la damu palepale, kwenye benchi la wageni, mara mbili. Akatoa masharti. Mzee atapanda Kiriri kwa mwendo wa kutembea, nyuma kabisa. Na sisi wengine hatutakwenda mbele kuliko sauti yake inavyofika.

Hivyo ndivyo tulivyopanda, polepole kuliko mwaka wowote, tukiongozwa kutoka nyuma. Kwenye kona ya tatu sauti ilinyamaza. Tukasimama wote kumi na mmoja kwa pamoja, bila kuagizwa, wala hakuna aliyegeuka kwa muda ambao naona ulikuwa mrefu sana. Kisha nyuma yetu mzee akakohoa, akasema alikuwa anakunywa maji, na akaita mstari unaofuata.

Tuliporudi chini Madamu akaweka mizani yake mahali pake. Mzee hakungoja zamu, akapanda wa kwanza, mbele ya kila mtu. Madamu akasoma kimoyomoyo. Mzee akaitazama namba, akavuta pumzi, akaita mwenyewe, kwa wimbo uleule tuliomwimbia sisi: muzee ni ngapi. Akangoja tuitike. Hakuna aliyefungua mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu klabu ianze mwito wake kukosa jibu.

Madamu ndiye aliyeanza. Alipanda mizani baada yake, akaimba hamsini na nane, kwa sauti nyembamba iliyokosea ufunguo kabisa. Mwingine akapanda, akaimba yake. Mwingine. Watoto wa mtaa wakakusanyika, wakachanganyikiwa, maana namba zilikuwa nyingi na hawakujua washike ipi.

Ilipofika zamu yangu niliimba sauti ya pili, na namba niliyoimba ilikuwa ya kweli. Mchana nikafungua programu, nikaubadilisha mstari wangu kutoka manjano hafifu kuwa mweusi. Mashimo yangu matatu yakaonekana mpaka kwenye jua. Kabla sijafunga mashine simu ikalia, ni mzee, akiniuliza kwa upole, sahani zangu zile tatu zilibaki jikoni kwa nani.